Filamu Kubwa za Muziki: Jinsi ya Kuzionyesha Mpaka Miguu Ionekane

Mcheza dansi Fred Astaire alipokuwa studio ya RKO, Hollywood, miaka ya 1930 alishikilia sharti moja: akicheza, kamera imwone mzima, kichwa hadi viatu, na picha isikatwekatwe. Ndiyo maana katika Top Hat (1935) yeye na Ginger Rogers wanaizunguka sakafu nzima huku kamera ikiwafuata kwa upole. Hakuna mkato wa kumsitiri aliyekosea hatua. Waliokuja baadaye walitanua picha, wakaongeza rangi na wacheza dansi, lakini waliojua kazi yao hawakuliacha sharti hilo.

Mvuto wa filamu za muziki za enzi hiyo uko hapo: mwili mzima, ndani ya nafasi nzima, kwa muda wa kutosha. Ukizitazama kwenye simu, au kwenye runinga iliyovuta picha ili ijaze kioo, unabakiwa na nyimbo tu. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuzionyesha ipasavyo kwa watu 20 hadi 50, ukumbini, shuleni au uani, kwa projekta ya kawaida na spika mbili. Mengi yaliyomo yanafaa hata sebuleni.

Uanze na filamu ipi

Usianze na ndefu. Kosa la waandaaji wengi ni kuanza na The Sound of Music kwa sababu kila mtu amesikia habari zake. Ina dakika 174, na wageni wasiozoea watu kuacha mazungumzo na kuanza kuimba watachoka kabla ya nusu.

Anza na Singin' in the Rain (1952), iliyoongozwa na Stanley Donen na Gene Kelly. Ina dakika 103, inachekesha, na hadithi yake inamfundisha mtazamaji namna ya kuitazama: ni mwaka 1927, filamu zimeanza kutoa sauti, na nyota mmoja wa kike ana sauti ya kukwaruza ambayo lazima ifichwe. Pia ina kila aina ya dansi: ya mtu mmoja, ya watatu, ya vichekesho, na ile ndefu ya jukwaani karibu na mwisho.

Ya pili iwe 42nd Street (1933), dakika 89, nyeusi na nyeupe. Mpangaji wake wa dansi, Busby Berkeley, alikwenda kinyume na Astaire: alipandisha kamera darini na kuwageuza wachezaji kuwa maumbo. Ukizionyesha wiki mbili mfululizo, wageni watakuwa na la kubishania.

Ya tatu, tunapendekeza Stormy Weather (1943). Wacheza wake wakuu wote ni Wamarekani weusi: Lena Horne, Bill Robinson, Cab Calloway, Fats Waller, kikundi cha Katherine Dunham, na mwishoni ndugu wawili Fayard na Harold Nicholas. Hawa wawili wanashuka ngazi kubwa kwa kurukiana, kila mmoja akitua miguu imetanuka mbele na nyuma, kisha anainuka bila kugusa chini kwa mkono. Filamu nzima haifiki dakika 80. Waambie wageni mapema kwamba ndani yake kuna kipande cha vichekesho ambamo waigizaji weusi wamejipaka masizi usoni, desturi ya majukwaa ya Marekani wakati huo. Swing Time (1936) nayo ina wimbo ambao Astaire mwenyewe amejipaka hivyo. Ukinyamaza, watu watadhani hukuiona.

Baada ya hizo tatu ndipo uingie filamu pana: Seven Brides for Seven Brothers (1954), West Side Story (1961), My Fair Lady (1964), The Sound of Music (1965). Fiddler on the Roof (1971) na Cabaret (1972) ziweke mwisho. Hizo mbili zinaonyesha aina hii ya filamu ikigeuka kuwa chungu, na uchungu wenyewe huonekana kwa aliyekwisha kuonja utamu.

Ukiwa pwani, au una wageni waliokulia enzi za majumba ya sinema ya Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, pachika Awaara ya Raj Kapoor (1951) katikati ya ratiba. Filamu za Kihindi ndizo zilizojaza majumba hayo, na tuni zake nyingi zikaingia kwenye taarab. Zaidi ya hayo, Awaara ina ndoto ndefu ya kuimba na kucheza, na mwaka uleule An American in Paris ilifungwa kwa baleti ya dakika 17. Ukizionyesha jirani utaona studio mbili, Bombay na Hollywood, zikishughulika na swali moja: filamu isimame kwa muda gani ili dansi iseme lisilosemeka?

Nakala: mahali wengi wanapoharibikiwa

Kabla ya kununua au kukodi, angalia mambo matatu.

La kwanza ni upana wa picha. Filamu za kabla ya 1953 ni karibu mraba: kwa kila sentimita 1 ya kimo, upana ni 1.37. Seven Brides for Seven Brothers ilipigwa kwa mfumo wa picha pana wa CinemaScope, upana 2.55. West Side Story, My Fair Lady na The Sound of Music zilipigwa kwenye filamu pana na kuonyeshwa kwa mikanda ya mm 70, upana 2.20. Nakala za zamani za kanda za video na baadhi ya DVD zimekatwa pembeni ili zijaze runinga ya mraba. Hesabu yake inatisha: ukiikata picha ya 2.55 ibaki 1.33, umetupa asilimia 48 ya picha. Katika dansi ya kujenga ghala ya Seven Brides, ambayo Michael Kidd aliipanga kwa kutandaza kundi zima la wachezaji kutoka ukingo hadi ukingo, nusu yao hawapo. Siku hizi kuna uharibifu wa upande wa pili pia: filamu za mraba hukatwa juu na chini ili zijaze runinga pana, na cha kwanza kupotea ni miguu. Ukiona Astaire anaishia magotini, rudisha nakala hiyo.

La pili ni mwendo. Sinema hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. DVD za mfumo wa PAL, unaotumika Ulaya na Afrika Mashariki, huendeshwa kwa fremu 25. Hapo filamu inakimbia kwa asilimia 4: dakika 174 za The Sound of Music zinakuwa kama 167, na isiporekebishwa, sauti inapanda kwa karibu theluthi mbili ya nusutoni. Kwenye filamu ya mazungumzo si neno. Kwenye filamu ya kuimba, mwenye sikio zuri atahisi kwamba waimbaji wamebanwa koo bila kujua kwa nini. Blu-ray huhifadhi fremu 24, kwa hiyo ichague ukiweza. Ukinunua diski kutoka nje, kumbuka kwamba Kenya na Tanzania ziko kanda ya 5 kwa DVD na kanda B kwa Blu-ray. Diski ya Marekani ya kanda 1 au A huenda isifunguke kwenye mashine yako.

La tatu ni kama nakala imesafishwa kutoka kwenye negativu, yaani filamu ya asili iliyopita ndani ya kamera. Hili linaonekana wazi kwenye filamu za mfumo wa rangi wa Technicolor kama The Wizard of Oz (1939). Kamera zake zilipiga negativu tatu kwa wakati mmoja, moja kwa kila rangi ya msingi, na zikikaa kombo hata kidogo, kingo za nguo na nyuso huota utepe mwekundu au wa buluu. Nakala nzuri imezilinganisha tena. Na usishtuke kuona sehemu ya Kansas, mwanzo na mwisho, ina rangi ya kahawia iliyofifia. Ndivyo ilivyotengenezwa. Usiguse rimoti.

Kuhusu haki: diski ya dukani ni ya matumizi ya nyumbani. Ukialika umma, hata bila kiingilio, unahitaji ruhusa ya mwenye filamu na pia kufuata taratibu za Bodi ya Filamu upande wa Tanzania au Kenya Film Classification Board upande wa Kenya. Filamu moja inayotajwa sana na vilabu ni Royal Wedding (1951), ile ambayo Astaire anacheza ukutani na darini ndani ya chumba kilichojengwa kizunguke pamoja na kamera. Nchini Marekani haki zake hazikuhuishwa, kwa hiyo kule ni mali ya umma. Kwa hapa nyumbani, uliza kwanza ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya.

Skrini, na kwa nini ipande juu

Tuchukue skrini ya upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.25, umbo lilelile la projekta za kisasa. Shuka la kitanda halifai: linapitisha mwanga na linalegea katikati, na mcheza dansi akipita hapo anapinda kiuno. Tumia kitambaa kizito cheupe kisichong'aa, kilichovutwa kwenye fremu ya mbao za inchi 2 kwa 2 na kupigwa stepo kila sentimita 10, ukianzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni. Ukuta laini uliopakwa mikono miwili ya rangi nyeupe isiyong'aa unafaa vilevile, na wakati mwingine unazidi.

Ukingo wa chini wa picha uwe mita 1.2 hadi 1.3 kutoka sakafuni. Kwa filamu ya mapigano ungeweza kulegeza. Kwa hizi, hapana: kichwa cha mtu aliyeketi hufika kama mita 1.2, na picha ikianzia sentimita 80, watu wa safu ya nne watatazama saa mbili za dansi bila kuona mguu hata mmoja. Kwa skrini ya mita 4 unahitaji dari ya mita 3.6 hivi. Dari ikiwa mita 3, punguza upana wa skrini uwe mita 3. Kimo chake kitakuwa mita 1.69 na utatosha. Ni afadhali picha ndogo yenye miguu.

Safu ya kwanza ikae umbali ulio sawa na upana wa skrini, yaani mita 4. Ya mwisho isizidi mara mbili na nusu, mita 10. Hapo unapata safu 7 za viti 6 hadi 8, ukiacha sentimita 90 kati ya safu. Pishanisha viti, kila mtu atazame katikati ya mabega ya walio mbele.

Sasa vitambaa vyeusi. Filamu ya 1.37 kwenye skrini hii itakuwa na upana wa mita 3.08, na kila upande zitabaki sentimita 46 tupu zinazong'aa kijivu hafifu. Ziba kwa vipande viwili vya kitambaa cheusi kisichometa. Filamu ya 2.20 itakuwa na kimo cha mita 1.82, na zitabaki sentimita 43, nusu juu na nusu chini. Ya 2.55 itabakiza sentimita 68. Kazi hii huchukua robo saa na watu huidharau, lakini weusi wa kingo ndio unaoifanya rangi ya katikati iwake.

Projekta na mipangilio yake

Mwanga: kwa giza kamili, kadiria lumeni (kipimo cha mwanga) 150 za kweli kwa kila mita ya mraba. Skrini yetu ina mita za mraba 9, kwa hiyo lumeni 1350. Usinunue ya 1350, kwani taa huchoka, na ukiweka mtindo wa sinema unaotoa rangi sahihi, mwanga hupungua sana. Tafuta yenye lumeni 2500 hadi 3000 za ANSI, yaani zilizopimwa kwa njia sanifu, na usiamini namba kubwa zilizoandikwa kwenye maboksi ya projekta za bei ya chini bila neno hilo la ANSI.

Umbali: projekta nyingi za kawaida zina kizidishio cha karibu 1.5. Upana wa mita 4 unahitaji umbali wa mita 6. Projekta iielekee skrini moja kwa moja. Ukiiweka kombo na kunyoosha picha kwa menyu, unapoteza ukali na kuharibu maumbo.

Kuna njia rahisi ya kujua kama umbo ni sahihi: nenda kwenye wimbo wa "Young and Healthy" katika 42nd Street, pale kamera inapotazama kutoka juu majukwaa yanayozunguka. Yanapaswa kuwa duara. Yakiwa kama yai, picha imevutwa. Kwenye VLC, programu ya kompyuta ya kuchezea video, bonyeza kitufe cha A mpaka yawe duara, na hakikisha hukubonyeza C, kinachokata kingo.

Zima mambo haya, kwenye projekta au runinga: kulainisha mwendo (LG huita TruMotion, Sony huita Motionflow), kuongeza ukali, mwanga unaojirekebisha wenyewe, na mtindo wa rangi kali. Kulainisha mwendo ndiko kubaya zaidi. Mashine inabuni fremu ambazo hazikupigwa, na mguu wa mcheza dansi unaokwenda kasi unaota mkia wa ukungu. Kisha chagua rangi ya joto, yenye Kelvini 6500.

Weusi wa picha ujaribu kwa ile dansi ya mvuani ya Gene Kelly. Mvua haionekani kwenye kamera kirahisi, hivyo iliangazwa kutoka nyuma ili matone yang'ae. Hadithi kwamba maji yalichanganywa na maziwa haina ukweli. Matone yasipoonekana mbele ya maduka, weusi wa picha umepanda au chumba kina mwanga. Koti lake likigeuka doa jeusi lisilo na mikunjo, weusi umeshuka mno.

Sauti

Hapa ndipo dansi ya kugonga viatu inapokuumbua. Mlio wa kiatu una mwanzo mkali, na ukichelewa kidogo jicho linajua. Spika za Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi kwa milisekunde 100 hadi 300. Kwenye mazungumzo watu wanavumilia. Kwenye hatua za ndugu Nicholas, mguu unatua kisha mlio unakuja, na uchawi wote umekwisha. Tumia waya. Ukisikia mngurumo wa umeme, chomeka projekta, kompyuta na spika kwenye ekstensheni moja.

Lakini usirekebishe ulinganifu kwa kutazama mdomo wa anayeimba! Katika filamu hizi wimbo ulirekodiwa kwanza studio, ukapigwa kwa spika wakati wa kupiga picha, na mwigizaji akafuatisha kwa midomo. Milio ya viatu nayo kwa kawaida iliongezwa baadaye. Kwa hiyo wimbo wenyewe unaweza kuwa umekaa kombo tangu kiwandani. Pima kwa mazungumzo, tena neno lenye p, b au m, midomo inapofunga. Kwenye VLC, J na K husogeza sauti kwa milisekunde 50 kila unapobonyeza.

Spika mbili zenye ampilifaya ndani, za inchi 10 au 12, zinatosha watu 50. Zisimamishe karibu kabisa na kingo za skrini, kwenye kimo cha theluthi moja hadi nusu ya picha. Zikiwekwa pembe za ukumbi, mwimbaji yuko katikati na sauti yake inatoka mlangoni. Filamu za kabla ya 1953 karibu zote zina sauti ya njia moja, kwa hiyo ukiwa na spika ya tatu, iweke katikati chini ya skrini na uitumie hiyo peke yake. Zile za mm 70 zilikuwa na njia sita za sauti, tano kati yake nyuma ya skrini, ili sauti imfuate mwigizaji anapotembea. Kwa spika mbili hutalipata lote, ila hakikisha hukubadilisha kushoto na kulia.

Kiasi cha sauti kipange kwa mazungumzo: kaa kiti cha katikati, washa programu ya kupimia kwenye simu, lenga desibeli 65 hadi 70. Kisha usiguse tena. The Sound of Music inaanza na upepo na milima, kimya karibu kabisa, na kila mara kuna mtu anayekimbia kuongeza sauti. Dakika chache baadaye okestra nzima inamlipukia. Ukumbi wa saruji unaorudisha mwangwi hutulizwa kwa mapazia mazito ukuta wa nyuma na mikeka sakafuni. Piga kofi moja kabla na baada, utasikia tofauti.

Maandishi ya tafsiri

Ukitayarisha tafsiri ya Kiswahili ya kupita chini ya picha, weka mistari miwili tu, herufi zisizozidi 40 kwa mstari, na kasi ya herufi kama 17 kwa sekunde. Kiswahili hurefuka kuliko Kiingereza, kwa hiyo kwenye nyimbo usijaribu kutafsiri kila ubeti. Toa wazo la ubeti kwa mistari michache na uache macho yarudi kwenye dansi. Kibwagizo kikirudi mara ya tatu, usikirudie. Hifadhi faili kama srt (aina ya faili ya maandishi ya filamu) kwa usimbaji wa UTF-8. Kwenye VLC, G na H huyasogeza maandishi mbele au nyuma kwa wakati.

Filamu za 2.20 zina ukanda mweusi wa sentimita 21 chini ya picha kwenye skrini yetu, nao unameza mistari miwili vizuri. Siku hiyo usiweke kitambaa cheusi cha chini. Filamu za 1.37 hazina ukanda huo, na maandishi yataangukia miguuni. Hapo, wakati wa dansi isiyo na maneno usiache chochote kwenye skrini, na wakati wa wimbo tumia mstari mmoja.

Usiku wenyewe

Nje, subiri giza la kweli. Kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na kufika saa moja na nusu usiku skrini imekuwa nyeusi ya kutosha. The Sound of Music ikianza saa moja na nusu, pamoja na mapumziko ya dakika 15, itaisha karibu saa nne na dakika arobaini. Watangazie wageni muda wa kumaliza ili wapange usafiri. Anayewazia basi la mwisho haoni filamu.

Filamu nyingi za mm 70 zilionyeshwa kwa tiketi zenye namba za viti, muziki wa ufunguzi na mapumziko. West Side Story ina zaidi ya dakika 4 za muziki juu ya mistari isiyosogea inayobadilika rangi. Usiirushe, na usiwashe taa zote. Acha mwanga hafifu pembeni, watu waketi na wamalize salamu, kisha uuzime taratibu muziki unapokaribia kwisha. The Sound of Music inakatika baada ya Maria kuondoka kimyakimya nyumbani kwa Kapteni usiku wa dansi. Sehemu ya kwanza ni ndefu kuliko ya pili, kwa hiyo chai na kashata zitolewe hapo hapo, zikiwa tayari kwenye trei. Dakika 15 haziruhusu kuanza kuchemsha maji.

Umeme: projekta ya taa ikizimika ghafla feni inasimama, joto linabaki ndani na taa inaumia. UPS (betri ya akiba) ya VA 1000 haitakuvusha filamu nzima, itakupa dakika chache za kuzima kwa utaratibu au kuwasha jenereta. Jenereta ikae nyuma ya jengo, kwa waya mrefu na mnene.

Cha kuwaonyesha wageni

Hotuba ndefu kabla ya filamu ni adhabu. Dakika tatu zinatosha, na kazi moja tu ya kutazama. Kwa Top Hat: wahesabu mikato katika dansi ya "Cheek to Cheek". Watashangaa ilivyo michache. Kwa West Side Story: watazame mwanzoni jinsi vijana wanavyotembea tu, wakipiga vidole, halafu hatua moja inarefuka, nyingine inainuka, na hujui ni lini kutembea kuligeuka dansi.

Kazi inayozaa mabishano mazuri kuliko zote ni ya sauti za kuazima. Katika Singin' in the Rain, Debbie Reynolds anaigiza msichana anayemwimbia nyota asiyeweza kuimba. Lakini katika wimbo "Would You?" Reynolds mwenyewe aliimbiwa na Betty Noyes. Na pale anapoonekana akimsemea yule nyota mwenye sauti mbaya, sauti nzuri inayosikika ni ya Jean Hagen, mwigizaji wa nyota huyohuyo. Marni Nixon aliwaimbia Deborah Kerr katika The King and I (1956), Natalie Wood katika West Side Story na Audrey Hepburn katika My Fair Lady, bila jina lake kuandikwa. Uso wake unaonekana katika The Sound of Music, akiwa mmoja wa watawa. Sasa linganisha na Awaara: kila aliyeipenda alijua kwamba Raj Kapoor anaimbiwa na Mukesh, na Lata Mangeshkar alikuwa nyota bila kuhitaji kuonekana. Hollywood ilificha, Bombay ilitangaza. Waulize wageni ipi ilimheshimu mwimbaji, kisha kaa pembeni.

Usisahau pia kutaja kwamba katika filamu kadhaa za studio ya MGM, Lena Horne alipewa wimbo uliosimama peke yake nje ya hadithi, ili majumba ya sinema ya kusini mwa Marekani yaweze kuukata bila filamu kuharibika. Waliomwona katika Stormy Weather wataelewa mara moja ni nini kilikuwa kinakatwa.

Mwisho, taa. Majina ya waliotengeneza West Side Story, yanayopita mwishoni, yamechorwa na Saul Bass kwenye kuta, milango na alama za barabarani, kama maandishi ya vijana wa mtaani, na kamera inayapitia polepole huku muziki ukiendelea. Mwambie anayeshika swichi asubiri mpaka skrini iwe nyeusi kabisa. Baada ya hapo washa taa za pembeni kwanza, zima projekta kwa kitufe chake, na usichomoe waya mpaka feni inyamaze.